Tani Mbili na Nusu za Kaka

Machi 6

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Nalichukia trela la kaka yangu.

Nimeanza kuandika kwa sababu ya jambo hilo. Nimemaliza shule, nasubiri nafasi ya chuo, na kwa sasa nakaa kwenye ofisi yetu, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama uani, napokea simu za watu wanaotaka mashine zao zihamishwe. Baba anaendesha lori. Baba mdogo anatafuta kazi na kupatana na wateja, kwa kuwa yeye ana maneno na Baba hana. Mimi nimefuata upande wa Baba. Baba mdogo ananiita Kimya.

Kaka alikuwa fundi wa kuchomelea. Alifariki mwaka jana, mvua zilipokuwa zinaisha, kwa ugonjwa wa figo. Miezi yake ya mwisho hakuimaliza ndani pamoja nasi, aliimaliza uani na trela. Aliliongeza chuma. Alipitisha vyuma vinene chini ya sakafu, akaweka mabati mazito juu yake, akalifunga mbavu pande zote mbili. Miguu ilikuwa imemvimba, kwa hiyo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kusogea nayo kidogo kidogo. Nilikuwa napeleka chai, naiweka kwenye tofali, narudi kuichukua imepoa.

Sasa Baba analizunguka trela kila jioni na kulipapasa. Hapendi mtu apande na viatu vyenye matope. Trela la kubebea mabuldoza, na mtu avue viatu. Mimi nikiliangalia naona siku ambazo kaka angeweza kukaa na mimi. Natamani liuzwe, aje mtu asiyetujua alivute aende nalo.

Machi 9

Mvua imeanza. Simu zimeingia tatu, mbili zilikosea namba.

Machi 14

Baba amekataa kazi nyingine. Mtu wa buldoza alikuja mwenyewe ofisini na mwavuli unadondosha maji, akaeleza vizuri, na Baba akasema lori lina tatizo la klachi. Klachi ni mpya. Yule mtu alipoondoka, Baba mdogo alisema Kaka, yaani Baba, siku hizi anachagua kazi kama mtu anayechagua mchumba, ya huyu ndefu, ya yule fupi. Baba alitoka na kitambaa akaenda kufuta taa za nyuma za trela, na mvua inanyesha.

Nimehesabu moyoni kazi alizokubali tangu mwaka huu uanze: greda dogo, mashine ya kushindilia barabara, jenereta. Vitu vyepesi. Zamani alikuwa anabeba chochote. Nadhani huzuni imemfanya mvivu. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ninavyodhani.

Machi 15

Mvua.

Machi 21

Leo nimepanda lori kwenda machimbo ya kokoto, Baba mdogo akiendesha. Alitaka tukapime urefu wa njia ya kupandishia mashine, kwa sababu ananusa kazi kubwa huko. Trela lilikuwa tupu. Pale getini kila gari linalazimika kupanda mzani, liwe na mzigo au lisiwe nao. Dada wa mzani alitoa kichwa dirishani akasema, "Tani ishirini."

Baba mdogo akamwambia mzani wenu umelewa. Dada akasema mzani haunywi, labda dereva. Wakacheka, tukapita.

Mimi sikucheka. Lori letu peke yake ni tani tisa na nusu, namba imepakwa rangi mlangoni. Kwa hiyo trela ni tani kumi na nusu. Nilisubiri Baba mdogo aliseme hilo. Alikuwa anamtafutia dada wa mzani jibu la kumpa wakati wa kurudi.

Machi 22

Nimekwenda kusoma kibati cha trela, kile kilichopigwa na kiwanda karibu na shingo inayoshika kwenye lori. Trela tupu, tani nane. Trela na mzigo wake pamoja, tani thelathini. Kwa hiyo mzigo ni ishirini na mbili, na ndiyo namba ambayo Baba mdogo huwatajia watu kwenye simu.

Lakini trela si tani nane tena. Kaka aliongeza tani mbili na nusu za chuma. Magurudumu ni yale yale, breki ni zile zile, ekseli, vile vyuma vinavyoshika magurudumu, ni zile zile mbili zilizotoka kiwandani, na zenyewe hazijui kipi ni mzigo na kipi ni chuma cha kaka. Kwao yote ni uzito. Thelathini ukitoa kumi na nusu unabaki na kumi na tisa na nusu.

Watu wote hapa, na mimi nikiwemo, tumekuwa tukisema trela la kaka limekuwa na nguvu zaidi. Ni kama mtu aliyevaa makoti matatu. Anaonekana mkubwa, lakini miguu ni ile ile.

Sijui nimwambie nani.

Machi 23

Sikusema.

Machi 24

Mvua. Sikusema.

Machi 27

Kazi kubwa imekuja. Eskaveta, ile mashine ya kuchimbia ya pale machimbo, inatakiwa ihamie kwenye bwawa linalojengwa bondeni, na tukiipeleka hiyo salama, mashine zao zote za msimu huu zitakuwa zetu. Tukikataa, watachukua watu wengine na hawatarudi. Baba mdogo alieleza akiwa amesimama, hakuweza kukaa. Alisema Kaka, hii huikatai, nimeshatoa neno langu.

Baba aliuliza uzito. Baba mdogo akanigeukia mimi, nikampigia mwendeshaji wa eskaveta. Wanamwita Kidevu kwa sababu ya ndevu zake. Alisema kibati cha mashine kinasema tani ishirini na nusu. Nikamwuliza kwa sauti ndogo kama hiyo ni pamoja na nyundo ya kuvunjia mawe, mafuta, na tope la kwenye minyororo ya kutembelea. Kidevu alicheka akasema huyu binti mnamlipa nini. Hapana, si pamoja. Ukijumlisha vyote andika ishirini na mbili.

"Ishirini na mbili ndani ya ishirini na mbili," akasema Baba mdogo. "Kama viatu vilivyoshonwa kwa mguu wenyewe. Na bado trela la marehemu limeongezwa chuma, Kaka, lingeweza kubeba na nyumba."

Baba aliangalia uani. Nilimwombea akatae. Nilitaka awe mvivu, awe chochote. Alisema sawa.

Machi 30

Njia ya kwenda bwawani inateremka upande mmoja wa bonde, ndefu, na kona iko mwishoni, si mwanzoni. Nimeuliza kwa wateja wawili waliopiga simu, nikijifanya ni swali la kawaida. Wote wamesema sasa hivi inateleza.

Jioni nilimwambia Baba kwamba mama mmoja kule karibu na stendi ya malori anakodisha trela la ekseli tatu. Nilisema hivyo tu. Baba akasema anamfahamu, ni mama mwenye matusi mengi na matrela mazuri. Kisha akauliza kama chai ipo.

Aprili 2

Mvua. Mama amefua, hakuna kilichokauka. Nguo za Baba zimeanikwa ofisini juu ya kichwa changu.

Aprili 4

Leo nilikwenda uani nikiwa nimejipanga. Nilikuwa na namba zote kichwani na sentensi ya kwanza nilikuwa nimeikariri. Baba alikuwa amechuchumaa chini ya trela na tochi. Aliniita niangalie. Alinionyesha mshono mmoja wa kuchomelea, mrefu, umelala sawasawa kama mstari wa cherehani.

"Kaka yako alikuwa na mkono," alisema.

Nikasema ndiyo, Baba. Sentensi yangu nikarudi nayo ndani.

Aprili 6

Mkono umechoka na bado nina mengi ya kuandika.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika na kila kitu kilikuwa kinatoa mvuke. Nilivaa viatu vya mpira niende na lori kama kawaida, maana mimi ndiye huwa nashika vipande vya mbao vya kuzuia magurudumu. Nimefanya hivyo tangu nina miaka kumi na miwili na Baba hajawahi kunizuia. Leo alisema, "Twende mpaka machimbo. Baada ya hapo hupandi. Utarudi na gari la wafanyakazi wao."

Niliuliza kwa nini. Alisema barabara ni mbaya. Tumeshapita barabara mbaya nyingi pamoja. Nilikaa katikati yake na Baba mdogo, nikatazama mikono yake kwenye usukani. Hakufungua redio.

Kidevu aliipandisha eskaveta polepole. Tope lilikuwa limejaa kwenye minyororo yake ya kutembelea. Baba alimwambia likwanguliwe kwanza, wakakwangua wawili kwa majembe, likatoka rundo zima na bado lilibaki lililoganda kwa ndani. Mashine ilipofika katikati ya trela, springi zililala. Niliona kwa macho. Zilikuwa zimepinda kama upinde, zikanyooka. Baba alimwambia Kidevu asogee mbele kidogo, kisha arudi nyuma kidogo, akitafuta mahali ambapo uzito haungelemea shingo ya trela wala kuiinua. Hakuna mahali. Akisogea mbele lori linaketi, akirudi nyuma magurudumu ya trela yanaketi. Mwisho Baba alisema basi, hapo hapo, na Baba mdogo akaanza kuifunga mashine kwa minyororo huku anapiga mluzi.

Baba alizunguka akiweka kiganja kwenye kila tairi. Alipofika la mwisho hakuondoa mkono. Alisimama hapo kama mtu aliyemshika mgonjwa kipaji cha uso.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini sitakiwi kupanda. Baba alijua. Alikuwa anajua uzito wa trela kuliko mimi, na ndiyo sababu ya kukataa mabuldoza, na ndiyo sababu ya klachi isiyo na ugonjwa. Leo Baba mdogo alikuwa amemfungia mlango wa kutokea, na yeye alikuwa tayari kuteremka bondeni peke yake na breki za tani thelathini zikishika thelathini na mbili na nusu, kuliko kusema mbele za watu kwamba kazi ya mwanawe ilikosewa.

Sina sauti ya kusema mbele ya watu wazima. Nilipanda lori, nikakaa kwenye kiti cha abiria, nikafunga mkanda.

Baba alikuja upande wangu. Akasema shuka, mwanangu. Nikasema hapana. Sijawahi kumwambia Baba hapana. Nilikuwa naangalia kioo cha mbele.

"Shuka. Gari lao linaondoka."

"Kama liko salama, nitapanda na wewe," nilisema. "Kama haliko salama, Baba, hata wewe usipande."

Baba mdogo alikuja kuuliza kunani. Alipoambiwa alicheka, akasema leo Kimya kaongea, na kaongea vibaya. Alisema mama, teremka, trela hili kaka yako mwenyewe aliliongeza chuma, unamwonea shaka marehemu? Kidevu naye alisogea. Wafanyakazi wenye majembe walisogea. Nilitamani kiti kinimeze, lakini sikufungua mkanda.

Baba alizunguka, akanyoosha mkono ndani ya dirisha la dereva, akachomoa ufunguo.

"Ishusheni," alisema.

Baba mdogo akasema Kaka, unaniua. Akasema nimetoa neno langu, na trela limeongezwa chuma, watu wote wanajua.

"Chuma kile hakikuhitajika," alisema Baba. Hakupaza sauti. "Kimetupunguzia mzigo tani mbili na nusu. Nilijua tangu siku ya kwanza anapima."

"Ulijua, na hukumwambia?" aliuliza Baba mdogo.

"Ningemwambia aache, halafu afanye nini na siku zilizobaki?"

Baba mdogo alikuwa ameshika mnyororo mkononi, akaanza kuufungua. Aliufungua taratibu sana, na ule wa pili pia, akiwa ametugeuzia mgongo.

Aprili 7

Mvua siku nzima. Hakuna aliyepiga simu.

Aprili 9

Baba mdogo hajaja. Baba alimweleza Mama jana mezani, kwa maneno machache. Niliogopa Mama angelia, kwa sababu yeye ndiye alikuwa akiwaonyesha wageni trela na kusema hiyo ni kazi ya mwanangu. Aliendelea kukusanya vyombo. Kisha akasema, akiwa amesimama na sahani, "Siku alizokuwa anachomelea alikuwa analala. Siku nyingine alikuwa hasinzii mpaka asubuhi. Hata mimi ningemwacha."

Mimi nililijua hilo? Chumba chake kilikuwa kando ya changu. Nilikuwa namsikia akigeuka usiku, na siku nyingine simsikii. Sikuwahi kuziunganisha siku hizo na trela. Nilikuwa nimeshughulika na chai yangu iliyopoa.

Aprili 12

Baba mdogo amekuja na yule mama wa trela la ekseli tatu. Alikwenda kumtafuta mwenyewe, na watu wa machimbo walikuwa wamekubali kumngoja siku chache. Mama huyo alilitazama trela letu akasema hili mlitaka kubebea eskaveta au kupigania vita. Baba alicheka. Sijamsikia akicheka tangu mwaka jana.

Walikaa ofisini na mimi ndiye niliyetaja namba. Nilizitaja nikiangalia meza, lakini nilizitaja zote: mashine, nyundo, mafuta, tope, trela tupu, lori. Mama wa ekseli tatu aliuliza tope nimeliwekea kiasi gani. Nikamwambia. Akasema ongeza kidogo, mvua hii, na Baba akaitikia kwa kichwa.

Eskaveta imefika bwawani leo jioni, ikivutwa na lori letu juu ya trela la kukodi. Nilipanda. Kwenye ile kona ya mwisho Baba alikanyaga breki na lori likatii. Baba mdogo alinigusa bega akaliacha.

Aprili 15

Baba amesema trela la kaka haliuzwi. Amesema chuma kitakatwa.

Nilitaka lipotee kabisa mbele ya macho yangu. Nilipomsikia nilitaka kusema hapana, na sijui ni hapana ya nini.

Aprili 20

Baba hakuweza kukata mwenyewe. Aliwasha gesi, akavaa miwani, akainama, akazima. Akaniambia nimpigie fundi wa kule kwenye gereji.

Fundi alikuja na mitungi yake. Alidhani ni kazi ya asubuhi moja. Mpaka adhuhuri alikuwa ametoa ubavu mmoja tu. Alikaa chini akinywa maji, akasema, "Aliyechomelea hapa hakutaka itoke." Hakuwa anajua ni nani. Mama alikuwa mlangoni. Aliingia ndani.

Aprili 23

Mabati ya juu yametoka. Vyuma vya chini bado.

Aprili 24

Mvua, fundi hakuja. Trela limekaa limekatwa nusu. Baba hakulizunguka jioni.

Aprili 28

Vyote vimetoka. Vimelala uani kama rundo la kuni, na ndoo ya kaka ipo bado pale pale karibu na ukuta, imepinduliwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja kesho.

Nilikwenda kukaa kwenye ile ndoo. Ni fupi kuliko nilivyofikiri. Ukikaa hapo unaona moja kwa moja dirisha la jikoni, na kando yake dirisha la chumba changu. Mwaka jana nilikuwa nakaa pale dirishani nikiwa nimenuna, pazia limefungwa, nikingoja aingie. Hakuwa amejitenga nasi. Alikuwa amekaa ametugeukia.

Nililia pale, nikiwa nimeuma kola ya shati ili nisisikike.

Aprili 29

Wamekuja, wamepakia, wameondoka.

Mei 11

Mvua zinapungua. Tumepita tena kwenye mzani wa machimbo, trela likiwa tupu. Dada alitoa kichwa akasema kumi na saba na nusu. Baba mdogo akamwambia naona leo mzani umepona pombe. Dada akasema na wewe bado.

Sasa hakuna kazi inayokubaliwa kabla sijataja namba. Baba mdogo bado ananiita Kimya, ila huniuliza kwanza, kisha ndipo anamjibu mteja.

Mei 19

Huu ndio ukurasa wa mwisho na nimeuwekea jambo moja.

Kabla mnunuzi hajaja, nilichukua kipande kimoja kwenye lile rundo, kifupi, chenye mshono ule mrefu alionionyesha Baba kwa tochi. Nilikipima kwenye mzani wa jikoni: kilo sita. Nilikiweka ndani ya sanduku la vifaa lililo kando ya trela, chini kabisa, nyuma ya jeki. Kwa hiyo trela halijawa la tani nane kamili. Kila ninapopiga hesabu ya mzigo natoa kilo sita, na hakuna anayeuliza kwa nini namba zangu haziishii vizuri.

Leo nilifungua sanduku kutafuta spana. Kipande hakikuwa vile nilivyokiacha. Kimefungwa kwa shati la Baba la zamani, lile la mistari, kimekazwa kwa kamba ili kisigongegonge tukiwa barabarani. Baba alikuwa mbele anajaza maji kwenye rejeta. Nilifunga sanduku nikampelekea spana. Akasema ahsante. Tukaondoka.

Hajaniambia, nami sitamwuliza. Mzani wa malori unasoma kwa kuruka kilo ishirini ishirini, kilo sita hauzioni. Wewe uliyesoma hadi hapa umeziona. Tafadhali usimwambie mtu, hasa usimwambie Baba kwamba nilifungua sanduku.